Bingwa wa Tenisi Aliyeuawa Vitani

Mwezi huu tunawaletea habari za mwanamichezo wa zamani, Anthony Wilding. Alizaliwa mwaka 1883 mjini Christchurch, New Zealand. Baba yake alikuwa wakili mpenda michezo, na pale nyumbani kwao walikuwa na uwanja wa tenisi. Wilding alicheza pia kriketi, ule mchezo wa mpira mgumu na gongo la mbao unaopendwa sana India na Pakistan. Aliichezea timu ya jimbo lake, Canterbury.

Baadaye akaenda Uingereza kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na huko tenisi ikamteka kabisa. Akawa bingwa wa Wimbledon miaka minne mfululizo, 1910 hadi 1913.

Sasa sikilizeni hili. Mwishoni mwa Julai 1914, Wilding na mwenzake Norman Brookes wa Australia walikuwa Marekani, karibu na mji wa Pittsburgh. Walikuwa wanagombea Kombe la Davis na Wajerumani wawili, Otto Froitzheim na Oscar Kreuzer. Wajerumani walifungwa 5-0. Mashindano hayo yaliisha tarehe 1 Agosti, na siku ileile Ujerumani ikatangaza vita na Urusi. Tarehe 4 Uingereza nayo ikaingia. Basi, watu waliokuwa wanarushiana mpira wakawa maadui ndani ya siku chache tu! Wale Wajerumani walipanda meli kurudi kwao, Waingereza wakawakamata njiani na kuwaweka kifungoni.

Wilding na Brookes waliendelea, wakawashinda Wamarekani na kuchukua kombe. Kisha Wilding akaingia jeshini. Tarehe 9 Mei 1915, huko Neuve-Chapelle, Ufaransa, kombora liliangukia handaki alimokuwa. Akafa papo hapo, akiwa na miaka 31. Froitzheim na Kreuzer waliishi hadi uzee.

Tunajiuliza: Wilding na wale Wajerumani walikuwa na ugomvi gani? Hakuna. Uwanjani, aliyefungwa hurudi nyumbani akiwa mzima. Vita haina sheria hiyo, na sisi wakimbizi hatuhitaji kufundishwa hilo. Wengi wetu tumeona jirani wa jana akigeuka adui.

Kwa hiyo, akina baba na akina mama, watoto wakitoka kucheza mpira jioni, tusiwaulize mwenzao ni wa kabila gani au ametoka upande upi. Tuwaulize tu nani kafunga.