Fumbo la Irabu Zilizoondolewa: Nafasi ya Mada katika Ufumbuaji wa Maneno ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafafanua aina ya fumbo la maneno ambalo mtungaji huondoa irabu zote katika majibu yaliyo chini ya mada moja, kisha humwachia mfumbuaji konsonanti pekee. Fumbo hili limejulikana zaidi kupitia runinga ya Uingereza na limejengwa juu ya sifa za tahajia ya Kiingereza. Makala inachunguza kinachotokea fumbo hilohilo linapotungwa kwa Kiswahili, lugha ambayo silabi zake nyingi huishia na irabu. Inabainishwa kwamba katika Kiswahili neno moja moja hupoteza taarifa nyingi zaidi, kwamba mada pekee haitoshi kila mara kurejesha taarifa hizo, na kwamba upatanisho wa kisarufi hufidia upotevu huo katika baadhi ya ngeli tu. Mwishoni yanatolewa mambo ya kuzingatia kwa mtungaji, hususani anayekusudia kulitumia fumbo hili darasani.

1.0 Utangulizi

Michezo ya kuvuruga umbo la neno si migeni kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Katika mchezo wa kinyume, silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzoni, hivyo msikilizaji hulazimika kuirudisha mahali pake ndipo aelewe. Kipashio kinachochezewa hapo ni silabi, na hakuna sauti inayopotea. Mpangilio tu ndio unaobadilika. Fumbo la irabu zilizoondolewa ni tofauti kwa namna mbili. Kwanza, kipashio chake ni herufi, hivyo ni mchezo wa maandishi na si wa mazungumzo. Pili, sehemu ya neno hufutwa kabisa, na mfumbuaji hana budi kuijaza kutokana na ujuzi wake wa lugha na wa mada aliyotajiwa.

Mfano maarufu wa fumbo hili ni duru ya mwisho ya shindano la Only Connect, lililoanza kurushwa na BBC Four mwaka 2008 na kuhamia BBC Two mwaka 2014. Katika duru hiyo mwendeshaji hutaja mada, kisha majibu huonyeshwa moja baada ya jingine yakiwa yameondolewa herufi a, e, i, o na u. Aidha, nafasi kati ya maneno hupangwa upya ili mipaka ya maneno isitambulike. Timu hushindana kubonyeza kitufe. Jibu sahihi huipatia timu alama 1, na jibu lisilo sahihi huiondolea alama 1. Kanuni hii ya adhabu ina maana kubwa kwa hoja ya makala hii, kwa sababu haki yake inategemea sharti moja: kila mfuatano wa konsonanti uwe na jibu moja tu linalofaa chini ya mada iliyotajwa.

2.0 Msingi wa Kinadharia: Uziada katika Lugha

Uwezekano wa kufumbua fumbo la aina hii unaelezwa vyema na dhana ya uziada. Katika makala yake ya mwaka 1948 kuhusu nadharia ya mawasiliano, mwanahisabati wa Marekani Claude Shannon alikadiria kwamba uziada wa Kiingereza cha kawaida ni takribani asilimia 50. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya kile kinachoandikwa huamuliwa na muundo wa lugha yenyewe, na nusu iliyobaki ndiyo anayoichagua mwandishi kwa hiari. Miongoni mwa njia alizozitaja za kupima uziada ni kufuta baadhi ya herufi za matini na kumtaka mtu azirejeshe. Shannon alihusisha pia dhana hiyo na fumbo la maneno mtambuka: uziada ukiwa mkubwa mno, lugha huweka vizuizi vingi kiasi kwamba fumbo kubwa haliwezi kutungwa.

Kutokana na mtazamo huo, fumbo la irabu zilizoondolewa lina vyanzo vitatu vya taarifa. Cha kwanza ni konsonanti zilizobaki. Cha pili ni kanuni za lugha zinazobainisha ni irabu zipi zinaweza kukaa wapi. Cha tatu ni mada, ambayo hupunguza idadi ya maneno yanayoweza kuwa jibu. Pale chanzo cha kwanza na cha pili vinapodhoofika, mzigo wote huangukia mada. Swali la msingi ni iwapo mada inaweza kuubeba mzigo huo katika Kiswahili.

3.0 Upotevu wa Taarifa katika Neno

Kiswahili na Kiingereza vyote huandikwa kwa herufi tano za irabu, lakini mgawanyo wake katika neno haufanani. Kiingereza huruhusu silabi funge na konsonanti kadhaa zinazofuatana. Silabi ya kawaida ya Kiswahili ni konsonanti na irabu. Tofauti hii huonekana hata katika majina ya miji. Majina kumi ya miji ya Tanzania, yaani Dodoma, Mwanza, Arusha, Tabora, Mtwara, Iringa, Kigoma, Bukoba, Morogoro na Songea, yana jumla ya herufi 62, na kati yake 29 ni irabu, sawa na takribani asilimia 47. Majina kumi ya miji ya Uingereza, yaani Leeds, Manchester, Liverpool, Birmingham, Bristol, Norwich, Sheffield, Bradford, Plymouth na Durham, yana herufi 79, na kati yake 25 tu ni irabu, sawa na takribani asilimia 32. Irabu zikiondolewa, jina la mji wa Tanzania hubakiwa na wastani wa konsonanti 3.3, ilhali la Uingereza hubakiwa na 5.4. Sampuli hii ni ndogo na haikusudiwi kuwakilisha lugha nzima, lakini inaonyesha chanzo cha tatizo: mfumbuaji wa Kiswahili hupewa kidogo zaidi cha kuanzia.

Athari yake hujitokeza waziwazi katika maneno mafupi. Mfuatano PND unaweza kusomwa panda, penda, pinda, ponda, punda, pendo, pindo, upande, upinde au upendo. Mfuatano MT unaweza kuwa mtu, mti, miti, mto, mito, moto, mate, meta, umati au mauti. Maneno kama ua, oa na au hupotea kabisa, kwa kuwa hayana konsonanti hata moja.

Maneno yenye asili ya Kiarabu yanadhihirisha jambo hili kwa namna ya pekee. Mfuatano KTB hutoa kitabu, katibu na katiba, na MKTB hutoa maktaba na mkataba. Katika Kiarabu, konsonanti hizo tatu ni mzizi wenye maana ya msingi, na msomaji aliyezoea huzisoma bila alama za irabu kwa sababu anaujua mzizi na ruwaza za maneno. Kiswahili kiliyachukua maneno bila kuuchukua mfumo wa mizizi. Kwa hiyo KTB inaweza pia kusomwa kutubu, kitenzi kisicho na uhusiano wowote na uandishi, na hakuna kanuni ya sarufi ya Kiswahili inayoweza kumzuia mfumbuaji asikisome hivyo. Historia ya maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu inathibitisha uzito wa irabu katika lugha hii. Alama tatu za fatha, kasra na damma zililazimika kubeba irabu tano, hivyo msomaji alitegemea muktadha kutofautisha e na i, au o na u. Ikiwa upungufu wa alama mbili tu ulileta utata, kuondolewa kwa irabu zote huuzidisha mara nyingi.

Utata mwingine hutokana na herufi mbili zinazowakilisha sauti moja. Mfuatano SHR unaweza kuwa shairi, shauri au shari, ambamo sh ni sauti moja. Unaweza pia kuwa sihiri, ambamo s na h ni sauti mbili zilizotenganishwa na irabu iliyofutwa.

4.0 Mada kama Kirejeshi cha Maana

Kazi ya mada ni kuchuja. Mfuatano PP ukitolewa bila mada unaweza kuwa papai, papa, popo, pipa, pipi, pepo, upepo au pupa. Mada ikiwa ni matunda, jibu ni papai. Ikiwa ni samaki, jibu ni papa. Ikiwa ni wanyama warukao, jibu ni popo. Vivyo hivyo PND chini ya mada ya wanyama wa kufugwa ni punda, na MB chini ya mada ya matunda ni embe. Katika mifano hii mada huirejesha taarifa yote iliyofutwa.

Hata hivyo, kuna hali ambamo maneno mawili yenye konsonanti zilezile huangukia katika mada ileile. NYK chini ya mada ya viumbe wenye sumu ni nyoka na pia nyuki. KND chini ya mada ya wanyama ni kondoo na pia kindi. PJ chini ya mada ya sehemu za mwili ni paja na pia paji. TNG chini ya mada ya maeneo ya Tanzania ni Tanga na pia Tunguu. Katika kila jozi majibu yote mawili ni sahihi kwa kigezo cha konsonanti na kwa kigezo cha mada. Kinachoyatofautisha ni irabu, yaani kile hasa alichokificha mtungaji.

Hapa ndipo suala la haki linapojitokeza. Katika shindano la runinga hasara yake ni alama moja. Darasani hasara ni kubwa zaidi. Mwanafunzi anayejibu nyuki ilhali mwongozo wa usahihishaji una nyoka atakuwa ameonyesha umilisi kamili wa lugha, lakini atahesabiwa kuwa amekosa. Zoezi litakuwa limepima bahati ya kuwaza sawa na mtungaji.

5.0 Sarufi kama Kirejeshi cha Maana

Neno linapoingia katika tungo, upatanisho wa kisarufi huongeza uziada. Tungo kitabu kile kimepotea hubaki KTB KL KMPT, na vitabu vile vimepotea hubaki VTB VL VMPT. Konsonanti ya kiambishi cha ngeli hurudiwa mara tatu, hivyo mfumbuaji hupata uthibitisho wa umoja au wingi hata irabu zikiwa hazipo. Katika tungo kama hiyo, katiba au kutubu haviwezekani tena, kwa kuwa havipatani na KL na KMPT.

Msaada huo haupatikani katika kila ngeli. Tungo mti ule umeanguka na miti ile imeanguka zote mbili hubaki MT L MNGK. Katika ngeli hii, umoja na wingi hutofautishwa na irabu u na i peke yake, kuanzia kiambishi cha nomino hadi cha kitenzi. Irabu zikifutwa, dhana nzima ya idadi hufutika, wala hakuna mada inayoweza kuirejesha. Kwa upande mwingine, mtu yule ameanguka hubaki MT YL MNGK, na konsonanti y ya kionyeshi hutosha kuonyesha kwamba anayezungumziwa ni kiumbe hai.

Unyambulishaji wa vitenzi nao hauathiriwi kwa usawa. Kutokana na piga, PGW huonyesha kutendwa, PGN kutendana, PGSH kutendesha na PGK kutendeka. Lakini kauli ya kutendea, pigia, hubaki PG, sawasawa na piga. Kauli inayobebwa na irabu pekee hutoweka yote.

6.0 Mambo ya Kuzingatia kwa Mtungaji

Uchambuzi huu unaelekeza kwenye mambo manne. Kwanza, neno moja litumike tu iwapo mada ni finyu na konsonanti zilizobaki ni nne au zaidi, kama CHNGW kwa chungwa au STFL kwa stafeli. Pili, semi zenye umbo thabiti zipewe kipaumbele. Methali zinafaa zaidi, kwani msomaji huzikumbuka kwa ukamilifu wake. HBN HBHJ ZKBB, yaani haba na haba hujaza kibaba, ina jibu moja hata baada ya nafasi kupangwa upya, na MGNS KMB LSKYT TMPJ MB itatambuliwa kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tatu, nafasi zinapopangwa upya, herufi za sauti moja kama sh, ch na ny zisitenganishwe, isipokuwa pale mtungaji anapokusudia kuongeza ugumu. Nne, kabla ya kutoa alama, mtungaji apitie kamusi na kuorodhesha maneno yote yenye konsonanti hizo yanayoingia katika mada, na majibu hayo yote yakubaliwe.

7.0 Hitimisho

Fumbo la irabu zilizoondolewa hujengwa juu ya dhana kwamba irabu ni sehemu ya neno inayoweza kukisiwa. Dhana hiyo ina nguvu katika Kiingereza, lakini haiwezi kuhamishiwa Kiswahili bila marekebisho. Katika Kiswahili irabu hutofautisha maneno, hubeba kauli ya kutendea, na katika baadhi ya ngeli hubeba idadi. Uziada wa Kiswahili haukosekani. Unapatikana zaidi katika tungo, katika upatanisho na katika semi zilizozoeleka, kuliko katika neno lililo peke yake. Mtungaji anayelitambua hilo atatunga fumbo gumu lenye haki. Asiyelitambua atamwadhibu mfumbuaji kwa kutojua jambo ambalo maandishi yenyewe hayakumpa.