Askari wa Angani Wasubirio Rangi

Katika nyumba nyingi hapakosi kitu kilichonunuliwa kwa hamu kisha kikaachwa. Huenda ni kitambaa cha sikukuu ambacho hadi leo hakijafika kwa fundi, au nyuzi za sufu za kumfumia sweta mtoto ambaye sasa amekwisha anza shule. Huko Uingereza, Marekani, Kanada na kwingineko wako watu wazima wengi ambao kiporo chao cha namna hiyo ni jeshi zima: mamia ya askari wadogo wa plastiki, kila mmoja akikaribia urefu wa kidole gumba, waliolala ndani ya maboksi chini ya kitanda bila kupakwa rangi. Wenyewe wamekipa kiporo hicho jina lisilo la huruma. Hukiita "rundo la aibu".

Makala haya yanahusu njia waliyoibuni watu hao ya kulipunguza rundo lao. Mtu aweza kucheka kwamba ni mambo ya kitoto. Hata hivyo, ndani yake mna swali linalomgusa kila mfanyakazi mwenye familia, nalo ni hili: saa chache za mapumziko alizo nazo mtu ni zake kweli, au zimekwisha kuliwa na duka?

Kwanza tuvieleze vijisanamu vyenyewe. Hutumika katika michezo ya vita ya mezani, ambamo wachezaji wawili huyapanga majeshi yao juu ya meza, wakapima mwendo wa askari kwa futikamba, na kutupa dadu ili ijulikane nani amepigwa na nani amenusurika. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells, ambaye mwaka 1898 alitoa riwaya ya The War of the Worlds kuhusu viumbe wa sayari ya Mirihi kuivamia dunia, ndiye pia aliyechapisha mwaka 1913 kitabu kiitwacho Little Wars, chenye sheria za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni. Basi mtu mmoja alitia mkono katika fani zote mbili, ya hadithi za kisayansi na ya vita vya mezani, ingawa yeye hakuziunganisha. Askari wake wa sakafuni walikuwa wa kawaida, wenye farasi na mizinga.

Waliokuja kuziunganisha kwa mafanikio makubwa kupita wote ni kampuni ya Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975 na ambayo sasa makao yake yako Nottingham. Mwaka 1987 kampuni hiyo ilitoa mchezo uitwao Warhammer 40,000, uliotungwa na Rick Priestley. Hadithi yake imewekwa siku za mbele mno, yapata miaka elfu thelathini na nane kutoka sasa. Wanadamu wametapakaa katika nyota, wakitawaliwa na mfalme aliyekaa juu ya kiti cha enzi huku si mzima wala si maiti, na vita havina mwisho. Ni dunia ya kutisha, isiyo na serikali hata moja ambayo mtu mwenye akili timamu angependa kuwa raia wake. Mwaka 2021 kampuni yenyewe ilitoa taarifa kwamba dola hiyo ya kifalme imechorwa kwa kejeli, wala haikukusudiwa kuwa mfano wa kuigwa. Ilifaa kusemwa, maana wako waliokuwa wameanza kuitamani.

Biashara yake si ndogo. Mwezi Desemba 1924 ungekuwa wa kuuza askari wa risasi kwa watoto wa matajiri; Desemba 2024 Games Workshop iliingia katika orodha ya makampuni mia moja makubwa zaidi ya soko la hisa la London, na katika mwaka wake wa hesabu ulioishia katikati ya 2025 mauzo yake yalizidi pauni milioni 500. Fedha hizo kwa sehemu kubwa zimetoka katika mishahara ya watu wa kawaida, na hapo ndipo rundo la aibu linapozaliwa. Kununua sanduku la askari kumi huchukua dakika tano. Kuwapaka rangi askari hao kwa namna ya kuridhisha huchukua jioni nyingi. Kila mwezi duka lina sura mpya za kuvutia, lakini jioni haziongezeki.

Sasa hebu tuitazame kazi yenyewe, kwa sababu asiyeijua hawezi kufahamu kwa nini watu huishindwa. Vijisanamu hivyo huja vikiwa vipande vipande katika fremu za plastiki: mkono huku, kichwa kule, bunduki pembeni. Mtu huvikata, huparuza mstari mwembamba ulioachwa na kalibu, kisha huviunganisha kwa gundi. Baada ya hapo hupulizia rangi ya kwanza, nyeusi, nyeupe au ya kijivu, ili rangi nyingine zipate pa kushika. Zitakazofuata aghalabu ni rangi za kuchanganywa na maji, nazo hupakwa kwa tabaka nyembamba sana. Mwanafunzi wa kazi hii hutambulika mara moja, kwani hupaka rangi nzito kama apakaye mlango, na uso wa askari hufunikwa pua na macho.

Rangi za msingi zikikauka, hupitishwa rangi ya majimaji ya kahawia au nyeusi, ambayo hutiririka na kutuama katika mikunjo ya nguo na maungio ya deraya, ikafanya kivuli. Kisha mtu huchukua brashi iliyokwisha kufutwa karibu rangi yote juu ya kitambaa, akaipitisha juu juu, na yale makali yaliyoinuka peke yake yakapokea weupe kidogo. Macho ndiyo huachwa mwisho na wale wasiojiamini. Jicho moja la kijisanamu ni dogo kuliko kichwa cha pini. Mpakaji hushusha pumzi, hubana viwiko vyake mezani, huweka nukta moja, na mara nyingi huigundua kuwa askari wake ana makengeza.

Rangi nazo zina tabia zake. Ya njano ndiyo yenye inda kuliko zote, kwa kuwa ni nyepesi na haifuniki. Ukiipaka juu ya nyeusi hutoka kijani kichafu, ikakubidi uanze na nyeupe au ya waridi na kurudia tabaka tatu au nne. Ndiyo maana wale wanaochagua kikosi cha Imperial Fists, chenye deraya za njano, huhurumiwa na wenzao, na wale wa Ultramarines wenye buluu huambiwa wamependa mteremko. Kuna hata kabila moja katika hadithi hiyo, Orks, mijitu ya kijani yenye fujo, inayoamini kwamba gari lililopakwa rangi nyekundu hukimbia zaidi. Na kwa kuwa wao wote wanaamini hivyo, hukimbia zaidi kweli.

Msomaji mwenye watoto apenda kujua kama vitu hivi vina madhara. Vijisanamu vya miaka ya 1980 vingi vilisubuliwa kwa mchanganyiko wenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Katika miaka ya 1990 watengenezaji wakahamia kwenye michanganyiko ya bati isiyo na risasi, na leo vingi ni vya plastiki. Anayeokota vya zamani kwenye mnada hana budi kunawa mikono kila avishikapo, wala asivipige msasa mbele ya watoto.

Turudi kwenye rundo. Katika miaka ya 1990 jarida la kampuni hiyo, White Dwarf, lilianza mfululizo wa makala kuhusu wachezaji wanne. Kila mmoja alipangiwa kiasi fulani cha fedha kwa mwezi, akanunua askari kwa kiasi hicho, akawapaka rangi, akacheza nao, na mwezi uliofuata akaeleza mbele ya wasomaji amefika wapi. Hapana shaka jarida lilitaka kuuza. Hata hivyo wasomaji walilishika jambo jingine kabisa: kwamba mtu akiitangaza kazi yake kwa wenzake, na siku ikawekwa, kazi huisha.

Tangu hapo utaratibu huo umeenea katika vilabu na makundi ya marafiki, kila kundi likiwa na namna yake. Kwa kawaida muda hutajwa, pengine mwezi mmoja, pengine majira yote ya baridi, kwa kuwa huko kwao jua huzama mapema na watu hujifungia ndani. Kila mshiriki hutoa ahadi iliyo wazi. Hasemi tu kwamba atajitahidi, bali hutaja kikosi fulani, askari kumi na gari moja. Hupiga picha askari wake wakiwa wa kijivu, na muda ukiisha huwaonyesha wenzake picha ya pili.

Wengine hutumia pointi. Ikiwa askari wa miguu atapewa pointi 5, gari la deraya laweza kupewa 20, na kiumbe mdogo sana akapewa nusu pointi, ili mwenye jeshi la vijisanamu vidogo asimpite mwenzake kwa wingi tu. Hesabu hizo hazina lengo la kumpata bingwa. Kila mmoja hupimwa kwa ile ahadi aliyoitoa mwenyewe, hata mwenye kuahidi askari watano akawamaliza amesimama sawa na aliyeahidi mia.

Hapo ndipo changamoto hizi zinapotofautiana na mashindano ya mabingwa. Games Workshop ina shindano lake liitwalo Golden Demon, lililoanza mwaka 1987, ambalo mshindi mkuu hutunukiwa upanga. Kazi za huko ni za ajabu. Kijisanamu kimoja chaweza kumla fundi miezi kadhaa, na waamuzi hukikagua kwa taa. Ni jambo la kustahiki heshima. Lakini mfungasha mizigo ambaye zamu yake huisha saa nne usiku hatapeleka kitu huko, naye anajua. Katika changamoto ya klabu ana nafasi.

Ugomvi kuhusu nani ana nafasi si wa kubuni. Mwaka 2020 toleo la tisa la sheria za Warhammer 40,000 liliweka kwamba mchezaji ambaye jeshi lake lote limepakwa rangi apewe pointi 10 kati ya 100 za mchezo. Wako waliofurahi, wakisema vita kati ya majeshi ya kijivu havina ladha. Wako waliolalamika kwamba mzazi mwenye watoto wadogo au mtu mwenye mikono inayotetemeka anaadhibiwa kwa jambo lisilohusiana na akili ya mchezo. Kwa maoni yangu walalamikaji walikuwa na haki. Brashi inaposukumwa na hofu ya kupoteza pointi, mapumziko yamekuwa zamu ya pili. Rafiki anapokungoja ulete ulichokiahidi, bila kuwepo tuzo wala adhabu, ni jambo jingine kabisa.

Vifaa navyo vimerahisishwa. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilitoa rangi za aina ya Contrast, ambazo kwa mpako mmoja huacha rangi juu na kivuli ndani ya mikunjo. Wakongwe wengine walisema huko ni kulipua kazi. Wenye rundo kubwa walizipokea kwa shukrani.

Lazima niseme pia kwamba changamoto hizi zaweza kugeuka. Mtu aliyelimaliza sanduku moja huhisi amejipatia ruhusa ya kununua mawili, na rundo hurudi kimo chake. Kwa sababu hiyo yako makundi yenye sharti kali zaidi: hakuna kununua askari mpya hadi ahadi imetimizwa. Sharti hilo ndilo linalovunjwa mara nyingi kuliko yote, na ndilo ninaloliona la maana kuliko pointi zote.

Familia itakayopenda kujaribu haihitaji masanduku ya bei ya Nottingham. Askari wachache wa plastiki wa kuchezea, walioshwa kwa sabuni ili mafuta yatoke, watatosha kwa kuanzia, pamoja na rangi tano za kuchanganywa na maji, brashi mbili, na sahani kuukuu ya kuchanganyia. Kisu cha kukatia kishikwe na mtu mzima. Rangi ya kupulizia ipuliziwe nje, upepo ukiwa nyuma yako. Kila mmoja aseme ni askari wangapi atakaowamaliza kabla ya mwisho wa mwezi, idadi iandikwe kwenye kalenda ukutani, na ya mtoto isizidi watatu. Brashi ioshwe kwa maji baridi kabla rangi haijakauka, ncha yake ichongolewe kwa vidole, kisha ilazwe; ikisimamishwa ndani ya kikombe kwa kichwa chake, asubuhi itakuwa imepinda na haitafaa tena kuchora macho.