Jabali Lililo Tupu Ndani

Mwezi Novemba 1926, Mmarekani Carl Akeley alifariki dunia kwenye mlima Mikeno, katika safu ya Virunga upande wa Kongo, akazikwa huko huko. Alikuwa amekwenda kwa ajili ya maonyesho ya wanyama wa Afrika ya jumba la makumbusho la New York, na ni yeye aliyeshinikiza hadi hifadhi ya kulinda gorila wa milimani ikaanzishwa mwaka 1925. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kukausha wanyama. Tembo wawili wanaopambana katika ukumbi wa Field Museum mjini Chicago ni kazi ya mikono yake, na waliwindwa Afrika Mashariki.

Ila mafundi ujenzi wanadaiwa na Akeley shukrani nyingine. Mwaka 1907, kuta za nje za jumba hilo la Chicago zilipokuwa zikibanduka, alibuni mashine iliyotumia hewa yenye shinikizo kusukuma mchanganyiko mkavu wa saruji na mchanga ndani ya mpira mrefu, kisha maji yakakutana nao mdomoni kabisa, kabla haujarushwa ukutani. Hataza yake ilitolewa mwaka 1911. Wazao wa mashine hiyo leo hupiga saruji kwenye mahandaki, kingo za barabara, mabwawa ya kuogelea na karibu kila jabali kubwa la bandia duniani.

Na hata ujuzi wake wa wanyama haukuwa mbali na kazi ya majabali. Mtangulizi wake angeijaza ngozi ya tembo majani makavu. Akeley alijenga kwanza mwili wenyewe: kiunzi, wavu wa waya, udongo wa kufinyanga misuli, na mwishoni umbo jepesi lililo tupu ndani ndilo lililovishwa ngozi. Fundi anayejenga mwamba kando ya bwawa la hoteli anafuata mpango huo huo. Anaanza na mifupa, anaweka wavu, anamalizia na ngozi. Tofauti ni kwamba ngozi yake ni ya saruji.

Hesabu ndogo inaeleza kwa nini watu hujisumbua hivyo badala ya kuleta jiwe la kweli. Jiwe la itale lenye umbo la mpira na kipenyo cha mita 1 lina uzito wa takribani kilo 1,400. Kulinyanyua kunahitaji winchi, na kuliweka juu ya paa au ukingoni mwa bwawa kunahitaji msingi wa kubeba mzigo huo. Jiwe la ukubwa ule ule lililojengwa kwa ganda la saruji la sentimita 5 halifiki kilo 400, na linajengwa papo hapo kwa makarai, hata mahali ambapo lori haliingii. Ndani yake hubaki nafasi ya kuficha pampu, mabomba, spika, au mlango wa mlinzi wa wanyama.

Teknolojia yenyewe ilianza majini. Mwaka 1848, Joseph-Louis Lambot, mwenye shamba kusini mwa Ufaransa, alitengeneza mtumbwi kwa kupaka saruji juu ya wavu wa chuma, na mwaka 1855 akauonyesha Paris. Mwaka 1867 Joseph Monier, mtunza bustani, alipata hataza ya vyungu vikubwa vya miti vilivyotengenezwa kwa njia kama hiyo. Mwaka huo huo Paris ilifungua bustani ya Buttes-Chaumont, iliyojengwa juu ya machimbo ya zamani ya jasi, ikiwa na pango lenye maporomoko ya maji na mawe ya saruji yanayoning'inia darini. Ng'ambo ya bahari, Uingereza, ukoo wa Pulham ulijenga majabali katika bustani za matajiri na hata Battersea Park mjini London. Wao hawakutumia waya. Walipanga vipande vya matofali na kifusi, wakavifunika kwa mchanganyiko wa saruji ambao kanuni yake hawakuitoa nje ya kampuni.

Kisha wakaja wenye bustani za wanyama. Carl Hagenbeck alipofungua bustani yake Stellingen, karibu na Hamburg, mwaka 1907, aliondoa vyuma vilivyowatenganisha simba na watazamaji, akaweka mahandaki yasiyoonekana na milima iliyojengwa na mchongaji wa Kiswisi, Urs Eggenschwyler. Mwamba wa bandia ukapata kazi mpya ya kuficha uzio. London ilifuata kwa milima ya dubu iliyokamilika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Paris mwaka 1934 kwa jabali la Vincennes lenye urefu wa mita 65. Disneyland ya California ilijenga mwaka 1959 mfano wa mlima Matterhorn, mara 100 mdogo kuliko ule wa Alps, na kupitisha treni ya burudani tumboni mwake. Katika Disney's Animal Kingdom kule Florida, iliyofunguliwa mwaka 1998, hata mibuyu iliyo kwenye safari ya kuigiza mbuga za Afrika Mashariki imejengwa kwa saruji.

Fundi mzuri hutambulika kabla hajagusa mwiko, kwa jinsi anavyotazama mawe ya kweli. Miamba ya Mwanza ni ya mviringo kwa sababu inayoelezeka. Itale ilipokuwa bado chini ya ardhi ilipasuka katika vipande vyenye pembe, maji yakaingia kwenye nyufa na kuulainisha mwamba polepole. Pembe ya kipande hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, uso wa katikati kutoka upande mmoja tu. Ndiyo maana pembe huisha kwanza, na udongo unapooshwa na mvua hubaki mawe ya mviringo yaliyopandana. Mwamba wa matumbawe wa pwani, kutoka Lamu hadi Kilwa, una tabia nyingine kabisa. Umejaa vitundu vyenye makali, na chini yake mawimbi yamekula hadi ukaning'inia kama paa.

Anayechanganya tabia hizo mbili katika jiwe moja hupata kitu ambacho jicho hukikataa, hata kama mtazamaji hawezi kueleza kosa liko wapi. Kosa la kawaida zaidi ni kuchora nyufa ovyo. Katika mwamba wa kweli nyufa hufuata mielekeo miwili au mitatu, na ufa unaokatika kwenye jiwe moja huendelea kwenye jiwe la pili, kwa sababu zamani yalikuwa jiwe moja. Miamba ya tabaka nayo hulala kwa mwinamo uleule kutoka upande mmoja wa bustani hadi mwingine.

Kazi ya mikono huanza na nondo. Kwa jiwe la kimo cha mtu, nondo za milimita 8 au 10 hukunjwa kufuata umbo, husimikwa kwenye msingi wa zege na kufungwa kwa waya laini kila zinapokutana. Juu yake hufungwa wavu: waya wa kuku katika tabaka mbili au tatu, au wavu mgumu zaidi wa kushikia plasta. Vipande hupandana kwa sentimita 10 hivi ili pasibaki mlango. Wavu ukilegea utacheza saruji inapobanwa, na unaocheza huacha ufa. Wajenzi wakubwa wana njia nyingine pia: hupaka mpira wa majimaji juu ya mwamba halisi porini, huubandua ukishakauka, kisha hutumia ngozi hiyo kama kalibu. Jumba la makumbusho la jangwani la Arizona, karibu na Tucson, lilikuwa miongoni mwa walioipa sifa njia hiyo.

Mchanganyiko wa ganda hauna kokoto. Ni karai moja la saruji kwa mawili au mawili na nusu ya mchanga safi, na maji kidogo kuliko mafundi wengi wanavyopenda: kwa mfuko wa kilo 50, lita 20 hadi 22, yakihesabiwa na yale yaliyomo kwenye mchanga wenye unyevu. Kila lita inayoongezwa ili kazi iwe laini huacha vinjia vidogo maji yanapokauka, na vinjia hivyo ndivyo mvua itakavyopitia miaka ijayo. Wengine huongeza nyuzi fupi za plastiki ili kupunguza nyufa za siku za mwanzo.

Koti la kwanza husukumwa kwa nguvu hadi litokeze upande wa pili wa wavu. Hapa ndipo wavivu hujulikana, kwa sababu saruji iliyopakwa juu juu huacha waya wazi kwa nyuma, mahali ambapo hakuna atakayeona. Koti hilo hukwaruzwa likiwa bichi, lipate meno ya kushika linalofuata, na ganda hujazwa hadi sentimita 5 au zaidi.

Koti la mwisho ndilo la mchongaji, na saa ndiyo bosi wake. Saruji ikiwa laini mno hutiririka, ikikaza mno humeguka. Kati ya hali hizo mbili kuna saa chache tu, na kwenye jua la mchana ni chache zaidi. Katika muda huo nyufa hukatwa kwa mwiko, uso hugongwa kwa brashi ngumu, hubanwa kwa nailoni iliyokunjamana, au hukandamizwa kwa jiwe halisi ili kuazima mikwaruzo yake. Mistari iliyoachwa na mwiko lazima ifutwe. Hakuna mwamba wa porini uliowahi kupigwa pasi.

Baada ya hapo inakuja hatua inayorukwa mara nyingi kuliko zote, kumwagilia. Saruji haigandi kwa kukauka. Hugandishwa na maji yanayoungana nayo kikemia, na ganda jembamba lililo juani hupoteza maji hayo kabla kazi haijakwisha. Magunia yenye maji au karatasi ya plastiki kwa muda wa siku 7 huligeuza ganda la unga kuwa ganda la jiwe kwa gharama ndogo sana.

Rangi hujengwa kwa tabaka nyembamba. Mwamba wenye rangi moja huonekana kama ukuta uliovimba. Wachoraji huanza na rangi nyeusi au kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi, ikatiririka hadi kwenye nyufa, kisha uso hufutwa. Sehemu zilizoinuka hupitishiwa brashi karibu kavu yenye rangi nyepesi. Madini ya chuma yaliyosagwa hutoa wekundu na manjano visivyopauka kwa jua. Mahali maji yatakapopita huwekwa michirizi ya giza, na mwani na kuvu vitamalizia vyenyewe.

Adui wa kudumu ni kutu. Saruji mpya ina alikali kali, pH yake hupita 12, na katika hali hiyo chuma hujivika utando unaozuia kutu. Lakini hewa ya ukaa huingia polepole kupitia vinjia vile vidogo na kuiteremsha pH. Ikishuka chini ya 9 utando hufa. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo hulisukuma ganda kutoka ndani hadi linabanduka vipande vipande. Jabali la Vincennes lilipatwa na hali hiyo na ikabidi likarabatiwe miaka ya 1990, na mwaka 2008 bustani yote ilifungwa kwa matengenezo hadi 2014.

Pwani hatari ni maradufu, kwa sababu chumvi huua ule utando bila kusubiri pH ishuke. Mchanga wa ufukweni, unaovutia kwa kuwa uko karibu na ni bure, huiingiza chumvi ndani ya ganda tangu siku ya kwanza. Mchanga wa mto au wa machimbo, waya uliopakwa zinki, na angalau sentimita 2 za saruji nje ya kila nondo ndiyo kinga iliyopo. Muhimu vilevile ni matundu ya chini ya kutolea maji, kwa kuwa jabali tupu lisilo na njia ya kupumua hubaki na unyevu tumboni mwaka mzima.

Jambo la mwisho linawahusu wenye samaki. Saruji mpya huachia chokaa majini, na pH ya bwawa dogo inaweza kupita kiwango ambacho hata perege, samaki mvumilivu, anakistahimili, ambacho ni takribani 10. Bwawa hujazwa, huachwa siku kadhaa, humwagwa na kujazwa tena, mara tatu au nne, likipimwa kwa karatasi za kupimia pH zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea. Wasiotaka kurudia kujaza na kumwaga hupaka sehemu zote zitakazoguswa na maji rangi ya epoksi isiyo na sumu kwa samaki, wakiacha kwanza saruji ikomae kwa wiki 4, kwa sababu epoksi haishiki vizuri kwenye saruji yenye unyevu.