Kitrekta cha majani kikigoma mlimani, usikimbilie kununua giaboksi!

Msomaji wangu, kama bado unadhani kukata majani ni kazi ya fyekeo na mgongo kuuma, umepitwa. Wapo vijana mjini wanaokaa juu ya kitrekta kama madereva wa Scania, kofia kichwani, mguu kwenye pedeli, wanazunguka uwanja wa shule au bustani ya hoteli. Jioni wanaondoka na chao mfukoni. Dili safi kabisa! Kasheshe inaanza pale kitrekta kinapogoma kupanda mwinuko.

Nina mshikaji anayekula kwa kazi hiyo. Kitrekta chake ni cha mtumba, kutoka ng'ambo. Asubuhi kilikuwa kinavuta kama kipya, lakini ikifika saa tano kimelegea, injini inanguruma na magurudumu hayaendi. Fundi wa kwanza hata hakuinama. "Giaboksi imekufa, tafuta nyingine." Bei aliyotajiwa ilikaribia ya kitrekta kizima! Na jamaa ana mke, mtoto mchanga, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita.

Sasa sikia jinsi dude hili linavyofanya kazi. Vitrekta vingi vya aina hii havina gia za kubadilisha wala klachi. Vinatumia mfumo wa haidrostatiki. Injini inazungusha pampu kwa mkanda, pampu inasukuma oili kwenye mota, mota inazungusha ekseli. Ukikanyaga pedeli unainamisha sahani iliyomo ndani ya pampu. Ikiinama zaidi, oili nyingi inasukumwa na mwendo unaongezeka. Ikiinamia upande wa pili, unarudi nyuma. Kwa hiyo oili ndiyo inayobeba nguvu yote. Ikichemka inakuwa nyepesi mno, inapenya pembeni humo humo ndani, na nguvu inapotea. Ndiyo maana asubuhi mzima, mchana mgonjwa.

Fundi wa pili, mzee wa makamo, alianza na brashi. Akakuta feni ya giaboksi imezongwa na majani, na mbavu za kupozea zimejaa udongo mkavu. Mkanda nao ulikuwa umelika, unang'aa kwa kuteleza. Akasafisha, akafunga mkanda mpya, basi. Kitrekta kikapanda mwinuko mchana wa jua kali!

Kwa hiyo wewe mwenye kitrekta, au unayeendesha cha bosi, shika haya:

Moja, safisha feni na mbavu kila ukimaliza kazi, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Usimwagie maji giaboksi ya moto.

Mbili, kagua mkanda kabla ya kulaumu giaboksi.

Tatu, oili ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, siyo iliyobaki dukani. Zipo giaboksi zinazotumia 20W-50 ya injini, nyingine 10W-30. Wapo watengenezaji wanaotaka oili ya kwanza ibadilishwe baada ya saa 75 za kazi, halafu kila saa 400. Nyingine zimezibwa kiwandani, hazina hata plagi ya kumwagia. Ukiona oili ina rangi ya maziwa, maji yameingia.

Nne, ukibadili oili, toa hewa. Zuia magurudumu ya mbele, inua ya nyuma kwa jeki na uyaegeshe imara yakiwa hewani. Fungua valvu ile inayotumika wakati wa kusukuma kitrekta kwa mkono. Washa injini, peleka pedeli mbele na nyuma taratibu mara tano au sita, mikono mbali na magurudumu. Zima, funga valvu, washa tena urudie. Mwisho pima oili, ongeza ikipungua.

Tano, usikikokote kwa pikapu. Na ukikisukuma bila kufungua valvu, unaiumiza pampu mwenyewe.

Ukishafanya yote haya na bado kinalegea kikipata moto, hapo kweli pampu au mota imechoka. Jiandae na noti.

Lakini fundi anayetangaza msiba kabla hajashika brashi, mwambie ahsante, kisha sukuma kitrekta chako kwa mwingine. Valvu ikiwa wazi, lakini!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.