Diskasi ni samaki wa maji baridi, lakini baridi ya Nkunga haiwezi

WAFUGAJI wa samaki wa mapambo wanaotaka kuacha tangi la bahari lenye matumbawe na kuhamia kwa diskasi, samaki wa maji baridi, wengi wao hupiga hesabu moja: chumvi hainunuliwi tena, basi gharama imeshuka. Hiyo ni nusu ya hesabu. Gharama inahama kutoka kwenye chumvi na taa kwenda kwenye joto, na katika sehemu za baridi kama Nkunga, wilayani Rungwe, ndiko mtaji unakoweza kuzama.

Sababu za kuacha matumbawe zipo. Nkunga iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, hivyo maji ya bahari hutengenezwa nyumbani kwa chumvi maalumu ya kuagiza. Ya jikoni haifai. Kwa gramu 35 kila lita, tangi la lita 200 hula kilo 7 kulijaza mara ya kwanza, na kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki ni gramu 700, yaani takriban kilo 3 kwa mwezi. Ongeza taa kali na mashine ya kutoa uchafu kwa povu. Matumbawe magumu yamo katika mkataba wa CITES, hivyo kuyavusha mpaka kunahitaji vibali. Umeme ukikatika saa chache tu bila pampu, hewa ndani ya maji hupungua na hasara huanza.

Diskasi anatoka katika bonde la mto Amazon, na mtaalamu Heckel alimwandika kisayansi mwaka 1840. Jina la "maji baridi" lisimpoteze mtu: maana yake ni maji yasiyo na chumvi tu. Samaki huyu anataka nyuzi joto 28 hadi 30, mchana na usiku, na maji laini yenye chokaa kidogo.

Kwa maji laini, Rungwe ina bahati ambayo wafugaji wa mijini huilipia kwa mashine za kuchuja. Tukuyu na vitongoji vyake hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita 50 za mraba hupokea lita 100,000 kwa mwaka kabla ya upotevu. Mvua ya kwanza iachwe isafishe paa, na bati jipya liepukwe kwa sababu ya zinki. Vilevile maji ya mvua matupu hayana cha kuzuia asidi isipande ghafla. Huchanganywa na kiasi cha maji ya chemchemi au ya bomba, kisha hupimwa.

Tatizo ni joto. Maji ya nyuzi 17 yakipandishwa hadi 29, lita 100 hula karibu uniti 1.4 za umeme. Diskasi akibadilishiwa nusu ya tangi la lita 200 mara mbili kwa wiki, hizo ni kama uniti 12 kwa mwezi, kiasi kinachovumilika. Kinachouma ni kulinda joto hilo. Hita ya wati 200 ikiwaka nusu ya siku hula uniti 2.4, sawa na 72 kwa mwezi. Tangi la bahari nalo lilihitaji joto la nyuzi 25 hivi, ila taa zake kali zilisaidia kupasha. Taa zikiuzwa, hita hubeba mzigo peke yake. Mfuniko wa kioo na maboksi ya povu jeupe yaliyobandikwa nyuma na pembeni hupunguza bili kuliko kununua hita kubwa zaidi. Umeme ukikatika, tangi lililofunikwa kwa blanketi hupoa polepole, na hapa diskasi ana nafuu kuliko matumbawe.

Vifaa si vyote vinavyohama. Kioo, pampu na hita hutumika tena baada ya kusuuzwa vizuri. Mawe ya bahari na mchanga wa matumbawe yasiguse tangi jipya, kwani hutoa chokaa na kuharibu ule ulaini wa maji. Taa na mashine ya povu ziuzwe mapema, maana kadiri zinavyokaa ndivyo bei inavyoshuka.

Kwa upande wa soko, diskasi wengi wanaouzwa duniani huzalishwa katika mashamba ya Asia, hasa Malaysia na Thailand. Kuingiza samaki hai nchini kunahitaji kibali cha mamlaka ya uvuvi, na kwa Rungwe uwanja wa karibu ni Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012. Chakula si kazi ngumu: moyo wa ng'ombe uliosagwa, baada ya kuondolewa mafuta na mishipa, hutumiwa sana. Kazi iko kwenye vifaranga. Siku za mwanzo hula ute unaotoka kwenye ngozi ya wazazi wao, na wazazi wachanga mara nyingi hula mayai yao wenyewe. Anayeweka mtaji kwa hesabu ya kuuza vifaranga mwaka wa kwanza anajidanganya. Ni salama zaidi kununua wadogo sita, kuwakuza na kusubiri jozi zijichague.

Anayetaka biashara kuliko urembo atazame pia chini ya mlima. Mbuna wa Ziwa Nyasa, lenye pwani yake Matema wilayani Kyela, hupenda maji yenye chokaa, na mchanga uleule wa matumbawe unaomdhuru diskasi unawafaa. Joto la nyuzi 24 hadi 27 linawatosha. Biashara ya samaki wa maziwa haya si ngeni: Pierre Brichard alianza kusafirisha wa Ziwa Tanganyika kutoka Burundi mwaka 1971, na Stuart Grant alifanya hivyo Malawi kwa samaki wa Nyasa. Ila mbuna wengi sasa huzalishwa hukohuko Ulaya na Marekani, hivyo mnunuzi na leseni vitangulie kabla ya wavu kushuka majini.