Hedifoni za Mgongo Wazi: Chumba Kwanza, Bei Baadaye

Anayeingia duka la simu Musoma mjini kutafuta hedifoni hukutana na maswali mawili: una bajeti ya kiasi gani, na unataka yenye besi nzito au ya kawaida? Swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu lingetangulia yote mawili, haliulizwi: utasikilizia wapi? Jibu lake ndilo linaloamua kama fedha zako zitakupa sauti nzuri au zitaishia kwenye nembo na taa za rangi. Ipo aina ya hedifoni ambayo ni nadra kuiona kwenye rafu za maduka yetu, ya mgongo wazi. Kwa mtu mwenye chumba tulivu, awe mpenzi wa muziki au mcheza gemu, aina hiyo kwa kawaida humpa sauti safi kuliko hedifoni iliyofungwa ya bei ileile. Kwa asiye na chumba hicho haina faida hata akiipata kwa nusu bei.

Tofauti huonekana kwa macho. Ishike hedifoni ya mgongo wazi mbele ya dirisha, utaona mwanga ukipenya kwenye kikombe, kwa sababu upande wa nje hauna plastiki nzima bali wavu, na nyuma ya wavu huo unaiona spika ndogo yenyewe. Spika yoyote hutoa sauti pande mbili, mbele na nyuma. Katika hedifoni iliyofungwa, sauti ya nyuma hugonga ukuta wa kikombe, hurudi, hupenya utando mwembamba wa spika na kufika sikioni ikiwa imechelewa kidogo, ikichanganyika na sauti halisi. Watengenezaji makini huweka sponji na vizuizi vya kuimeza, na baadhi yao hufanikiwa sana, lakini kazi hiyo ina gharama, na kwenye hedifoni za bei rahisi ndiyo kazi ya kwanza kurukwa. Mgongo wazi huikwepa kabisa: sauti ya nyuma huachwa iende zake. Aliye nazo anaweza kulihakiki hili kwa kuziba wavu kwa viganja wimbo ukiendelea. Papo hapo sauti hujaa, hufubaa na kusogea katikati ya kichwa. Akiondoa viganja, hupanuka tena.

Wala si teknolojia mpya. John Koss wa Milwaukee, Marekani, alitoa hedifoni ya stereo kwa ajili ya wasikilizaji wa muziki mwaka 1958, nayo ilikuwa ya kufunika sikio. Miaka kumi baadaye, 1968, kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ikatoa HD 414, nyepesi, yenye sponji ya manjano, ambayo huhesabiwa kuwa hedifoni ya kwanza ya mgongo wazi kuuzwa, na iliuzwa kwa mamilioni. Kisha ikaja Walkman ya Sony mwaka 1979, na hedifoni yake ndogo ya sponji ilikuwa ya jamii hiyohiyo. Kwa hiyo aliyetembea na Walkman miaka ya themanini aliwahi kuivaa aina hii bila kujua jina lake. Tulichofanya baadaye ni kuhamia kwenye vidude vya kuchomeka sikioni, kisha kwenye vikombe vikubwa vilivyofungwa, na leo mgongo wazi umebaki kuonekana kama anasa ya wataalamu.

Ili kuelewa kwa nini wacheza gemu wanaupenda, lazima kwanza kuelewa sikio. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alieleza mwaka 1907 kwamba binadamu hutambua upande wa sauti kwa njia mbili: sauti hulifikia sikio moja mapema kuliko jingine, na hulifikia kwa nguvu zaidi kwa sababu kichwa hulikinga lile la pili. Tofauti ya muda haifiki hata milisekunde 1, lakini ubongo huisoma vizuri kiasi kwamba mtu anaweza kugundua sauti iliyo mbele yake ikisogea kwa nyuzi 1 au 2 tu. Kujua kama sauti imetoka juu au chini, mbele au nyuma, hutegemea zaidi mikunjo ya sikio la nje, ambayo hubadilisha kidogo sauti nyembamba kabla hazijaingia ndani. Hedifoni inayotia mwangwi wake yenyewe huvuruga dalili hizi ndogo. Hapo ndipo mgongo wazi hupata ushindi wake, na ushindi huo ni wa kweli, ingawa si mkubwa kama matangazo yanavyodai.

Chukua gemu kama PUBG Mobile au Call of Duty: Mobile. Adui yuko nyuma ya ukuta, humwoni, lakini unasikia hatua zake. Hatua ni sauti ndogo, fupi, nyembamba kuliko mlipuko wa bomu, na hedifoni iliyopakiwa besi huzifunika pale tu unapozihitaji. Anayesikia kwamba hatua zinatoka kushoto nyuma na zinakaribia ana sekunde moja ambayo mwenzake hana. Lakini tuseme ukweli: gemu lenyewe lazima liwe limetengeneza sauti yenye pande, kwani hedifoni haiwezi kubuni mwelekeo usiokuwepo. Kwa vijana wengi wa mitaa yetu, ambao gemu kwao ni mpira wa PlayStation kwenye banda la kulipia kwa mechi, faida hii haipo. Mpira wa kwenye skrini hauchezwi kwa masikio, na ndani ya banda, kelele za wanaosubiri zamu hupita kwenye wavu kama maji kwenye chujio. Kuhusu hedifoni za gemu zilizobandikwa maandishi ya 7.1, mara nyingi hiyo ni programu tu inayochanganya sauti. Ndani kuna spika mbili kama zilivyo kwenye hedifoni nyingine yoyote. Jambo la maana zaidi kuliko kibandiko hicho ni waya. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na mchezaji hutangulia kuona risasi kabla ya kuisikia. Hedifoni nyingi za mgongo wazi ni za waya, hazichelewi, na umeme ukikatika hazina betri ya kukuzimikia.

Kwenye muziki hoja inapata uzito mwingine. Mkoa wa Mara ni nchi ya zeze na nyuzi: ritungu la Wakurya, na nyatiti ya Wajaluo upande wa Rorya. Mpiga nyatiti ni bendi ya mtu mmoja. Vidole vinacheza kwenye nyuzi 8, kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma inayogonga ubao wa ala, njuga zinalia mguuni, na juu ya yote anaimba. Ndani ya hedifoni yenye besi ya kuongezwa, mlio wa pete ya chuma hugeuka kishindo kinachomeza nyuzi. Ndani ya hedifoni safi ya mgongo wazi, chuma kinabaki chuma na uzi unabaki uzi, na unaweza kuufuata uzi mmoja kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Hata hivyo kuna mpaka. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita Kenya na Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo za makabila, alirekodi kwa mono, na nyingi za rekodi za Redio Tanzania Dar es Salaam za enzi za Mara Jazz ya Musoma na mtindo wake wa Sensera ni mono vilevile. Anayetarajia gitaa la solo limsikikie kushoto na tarumbeta kulia atakata tamaa. Atakachopata ni usafi wa mlio, ambao kwa zilizopendwa si jambo dogo, kwani rekodi hizo tayari zina mkwaruzo wa kutosha bila kuongezewa ukungu wa kikombe.

Watetezi wa besi watasema huu ni ubwanyenye wa masikio: watu wanapenda besi, na mgongo wazi hauna. Nusu ya hoja yao ni sahihi. Sauti nzito za chini kabisa hupotea kwa sababu hewa ya mbele na ya nyuma ya spika hukutana na kufutana, na hakuna ukuta wa kuzitenganisha. Tena majaribio ya Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman, walioketisha wasikilizaji wa nchi na rika mbalimbali, yalionyesha kuwa walio wengi hupendelea besi iliyoongezwa. Ila yalionyesha pia kwamba kipimo wanachokipenda ni cha wastani, mbali na mtikisiko wa sabufa la kwenye daladala. Pengo hilo kwa sehemu kubwa huzibwa na ikwalaiza ya simu au kompyuta, bure. Anayeishi kwa singeli na amapiano na anataka kifua kitetemeke, huyo anunue zilizofungwa, na hana kosa.

Pingamizi zito zaidi ni kelele, na hapa jiografia inaingia. Bunda imekaa kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari. Mabasi na malori hayaishi, na nyumba zilizo kando ya lami hazijui kimya hata usiku wa manane. Musoma ina vyumba vya kupanga ambavyo ukuta haufiki kwenye bati, kwa hiyo televisheni ya jirani ni yako na yake. Vijiji vya Butiama vina utulivu ambao studio nyingi za mjini zingeulipia. Hedifoni ileile, kwa hiyo, ina thamani tatu tofauti ndani ya safari ya gari isiyomaliza nusu siku. Na mvua ya masika ikishuka juu ya bati, hata Butiama hakuna hedifoni ya mgongo wazi itakayofua dafu. Hatari iko hapa: anayesikiliza kwenye kelele huongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa usikilizaji usio salama, na kiwango chake kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama hupungua nusu: desibeli 83 kwa saa 20, 86 kwa saa 10, 89 kwa saa 5. Barabara yenye malori inaweza kukaribia 70 au kuzidi hapo, na wimbo lazima uipite ndipo usikike. Ukiwa Bunda kando ya lami, hedifoni iliyofungwa ndiyo inayolinda masikio yako.

Kelele ina upande wa pili: sauti hutoka nje pia. Aliyelala kitanda cha jirani bwenini atausikia wimbo wako, na ukiwa na maikrofoni karibu, nayo itaunasa. Kwa sababu hiyo mtangazaji aliye hewani, awe wa Mazingira FM ya Bunda au wa Victoria FM ya Musoma, anahitaji zilizofungwa; mgongo wazi ungerudisha sauti kwenye maikrofoni yake. Lakini fundi anayehariri kipindi baadaye, peke yake, ana sababu nzuri ya kubadilisha. Na nyumbani, uwazi huo ni faida: mgeni akipiga hodi unasikia, mama akiita unaitika, na kwenye joto la mchana masikio hayatoki jasho chini ya ngozi bandia.

Limebaki la bei na nguvu. Ni kweli Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997 na bado inatengenezwa, ina ukinzani wa omu 300, na simu nyingi haziwezi kuiamsha ipasavyo bila amplifaya. DT 990 PRO ya Beyerdynamic inayojulikana zaidi ni ya omu 250. Lakini SHP9500 ya Philips ni omu 32 tu na huendeshwa na simu au kompyuta ya kawaida, na Koss Porta Pro, kidude chepesi cha mwaka 1984 ambacho bado kipo sokoni, kina ukinzani wa omu 60 na huendeshwa hata na simu. Simu isiyo na tundu la waya inahitaji kigeuzi kidogo cha USB-C. Anayedhani kwamba bei kubwa ndiyo dhamana ya sauti asome kazi ya Jeroen Breebaart ya mwaka 2017: alilinganisha vipimo vya hedifoni 283 na bei zake, na hakukuta uhusiano kati ya bei na jinsi hedifoni inavyogawa sauti nene na nyembamba.

Kabla ya kutoa fedha, basi, kaa kwenye chumba chako saa ileile unayosikiliza muziki au kucheza gemu, zima kila kitu, nyamaza dakika chache. Ukisikia malori, feni na mazungumzo ya jirani, nunua zilizofungwa na usijutie. Ukisikia panzi tu, agiza za mgongo wazi, hata kama muuzaji atakuambia hazina besi.