Jina Langu Lilimpotea

Mwiko ndio ulianguka kwanza. Ulikuwa mwezi wa sita, pamba inachumwa, na mke wangu yuko jikoni anasonga ugali wa watu wanane tuliokuwa nao shambani. Nikasikia mwiko umegonga chini, nikajua umemteleza. Nilipochungulia nikamkuta kakaa kando ya mafiga, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea kama kitambaa kilicholoa. Nikamwita, "Mama Kulwa!" Akanitazama, akajaribu kujibu, ikatoka sauti kama ya mtu anayekoroma.

Hapa kwetu Bariadi ugonjwa huu tunauita kupooza. Hospitalini wanauita kiharusi: damu inashindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama mshipa umeziba, ama umepasuka. Chanzo kikubwa ni presha, nayo presha hukaa mwilini miaka bila kupiga hodi. Mke wangu alipimwa mara ya mwisho alipokuwa kliniki ya uzazi, na mtoto yule wa mwisho sasa yuko sekondari. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini inatakiwa itolewe ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa. Sisi tulipoteza muda mrefu kuliko huo kutafuta gari tu.

Nilichouza ni ng'ombe wawili. Tukashika lami ya Lamadi, kama kilometa 70, kisha tukakata kushoto kuelekea Magu na Mwanza, ziwa likiwa kulia kwetu njia nzima. Hospitali ya Bugando iko juu ya kilima. Imefunguliwa tangu 1971 na ni mali ya maaskofu Wakatoliki. Usiku nililala nje kwenye mkeka pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, wa Geita, wa Kagera, wa Mara. Sikusali sana siku zile. Watu hudhani mwenye dini akipatwa anapiga magoti papo hapo. Mimi nilikuwa nahesabu hela.

Mtihani wenyewe ulinisubiri nyumbani. Tulipomrudisha, shemeji zangu walikuja, wakakaa chini ya mwembe, na baada ya salamu wakauliza swali moja tu: nani kamfanya? Usukumani swali hilo si la mchezo. Likishaulizwa linatafuta jibu, jibu linapatikana kwa nfumu, yaani mpiga ramli, na mara nyingi linamwangukia bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi kavu miaka hamsini, lakini nani atakayesikiliza maelezo hayo? Vikongwe wameuawa katika ukanda huu wetu wa Shinyanga na Simiyu kwa sababu hiyo. Shemeji mkubwa alishataja jina la jirani yangu mmoja. Nisilifiche: usiku ule nililala nikilifikiria jina lile. Ukiwa na uchungu, kumpata wa kumlaumu kunapoza kidogo.

Asubuhi nikasikia hodi. Ni yule yule jirani, Mayu, mwenzetu wa jumuiya ya kanisa, na sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, imefunikwa kwa kanga. Shemeji wakainuka wote, wakaenda kusimama upande wa zizi. Yeye akaingia ndani, akakaa kitandani, akaushika ule mkono uliokufa, akakaa hivyo hivyo. Hakutoa neno la faraja. Hakuniambia kwamba Mungu ana mpango wake, maneno ambayo kufikia hapo nilishayasikia mpaka yakaniota masikioni. Marafiki wa Ayubu nao, kabla hawajaanza kuharibu kwa hotuba zao, walikaa chini naye siku saba bila kusema kitu. Nadhani siku zile saba ndizo walizofanya kazi ya maana.

Kwangu imani ilianzia hapo, kwenye kuruhusiwa kuacha kutafuta mkosaji. Niliwaambia shemeji kwamba sisi nyumba hii hatuendi kupiga ramli. Walikasirika, mmoja hajanitembelea hadi leo.

Halafu kuna kazi za mikono. Mgonjwa wa namna hii anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya mgongo na nyonga inaoza. Uji uwe mzito kidogo, anyweshwe ameketi, maana koo nalo limepooza na chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Kumwogesha mke ni jambo ambalo mwanaume wa Kisukuma wa umri wangu hakufundishwa. Nilijifunza nikiwa na aibu, mlango nimeufunga. Jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970, huku kwetu wengi tumezizoea kama mahali pa kuchangishwa. Mimi nilizifahamu upya pale akina mama Wakatoliki wa WAWATA walipopanga zamu, wakaiandika kwenye karatasi ya daftari na kuibandika juu ya kitanda. Ukiniuliza faraja inafananaje, nitakuonyesha karatasi ile.

Alikuja pia mhubiri mmoja wa mjini, akataka nitupe dawa za presha ili nionyeshe imani. Nilimkaribisha chai, akanywa, nikamsindikiza hadi barabarani. Dawa zile mke wangu anameza kila siku, nami namwekea ishara ya msalaba kabla hajameza. Sioni ugomvi wowote hapo.

Padri alipoleta Mafuta ya Wagonjwa, watoto walianza kulia. Wazee wetu waliyaita mpako wa mwisho. Padri akionekana na mafuta, watu walianza kutafuta mbao za jeneza. Ilibidi awaeleze kwamba tangu 1972 Papa Paulo wa Sita alishaitengeneza upya ibada hiyo, iwe ya mgonjwa anayehitaji nguvu, si ya anayekata roho tu. Akaniachia kazi pia: nisome Zaburi ya 88. Nilitegemea nitakuta mwishoni shukrani, kama zilivyo zaburi nyingi za kilio. Hakuna. Inaanza kwa kulia na inaishia gizani. Nilifurahi kugundua kwamba jambo kama hilo limo kwenye Biblia, na kwamba nami naweza kusali bila kujifanya nimepona moyo.

Sasa niwaambie la Jumatano moja. Jumuiya ilikuwa kwetu, tunasali rozari. Mke wangu wakati huo hakuwa na neno hata moja. Jina langu lilimpotea, hata maji aliomba kwa kidole. Kwenye fungu la pili nikasikia sauti ambayo sikuitegemea. Ni yeye. Salamu Maria nzima, mwanzo hadi amina, imenyooka. Katekista akasita, Mayu akamkonyeza aendelee. Tulimaliza rozari yote, wengine wanafuta machozi kwa kanga.

Nilimsimulia mtaalamu wa mazoezi ya viungo nikingoja ashangae. Hakushangaa. Alisema ubongo wa kushoto ukiumia maneno ya kutunga hupotea, lakini sala na nyimbo ambazo mtu amezirudia tangu utoto mara nyingi hubaki, na zinaweza kutumika kumfundisha kusema tena. Kwa hiyo si muujiza. Nililipokea hilo bila shida. Ni kwamba miaka arobaini alikuwa anaweka akiba mahali ambapo ugonjwa haukufika, naye hakujua anaweka.

Tunafundishana kila jioni, baada ya mbuzi kuingia. Namwonyesha kifua changu, naanza "Baba", yeye amalizie "Kulwa". Anavuta pumzi, anakaza shingo, midomo inatafuta. "Baba," anasema, na ulimi unateleza kwenye njia uliyoizoea: "Yetu." Watoto wanacheka mpaka wanatoka nje. Yeye mwenyewe anacheka, upande mmoja wa mdomo. Kijijini sasa vijana wakipita na baiskeli wananiamkia, "Shikamoo, Baba Yetu," nami naitikia.